Jinja, maji ya nguvu na mtumbwi wa upepo



Katika mkutano wa kufunga mwaka wa shule mlitutuma sisi walimu watatu twende Jinja, Uganda, tukaangalie mitumbwi midogo ya kujaza upepo, ile inayoitwa kayaki, ambayo watu wa kule wanaiendesha katika maji ya mbio na katika mawimbi. Sababu mnaijua. Kikundi chetu cha likizo kina watoto arobaini. Wote wanakaa karibu na ziwa, na walio wengi hawajui kuogelea. Wazazi wao wanavuka Kivu kila juma kwenda Idjwi, Kalehe na Minova wakiwa na mabeseni ya sambaza na magunia ya mihogo. Hatujasahau mwezi wa 4 wa mwaka 2019, masua ilipozama upande wa Kalehe, watu wengi wasirudi nyumbani, na Rais Tshisekedi akaja mwenyewe kufariji familia. Tangu siku ile mkawa mnauliza: tunawafundisha watoto wetu kusoma, kuhesabu na kushona, na maji tunawafundisha lini?

Sanduku la MUSO limetenga dola 600 kwa kazi hiyo. Mlituuliza maswali mawili: je, mtumbwi wa upepo unafaa kwa watoto wetu? Na kama unafaa, ni upi? Tumerudi na majibu. Tutaanza na njia, halafu mji, halafu mitumbwi, na mwisho mtaamua wenyewe.

NJIA

Tulivuka mpaka wa Ruzizi siku ya pili asubuhi, pasipoti mkononi. Tulipita msitu wa Nyungwe wenye baridi na ukungu, na jioni tukawa Kigali. Usiku tukapanda basi la Kampala. Mpaka wa Gatuna tuliupita usiku huo huo, kila mtu akiwa amejifunika kitenge hadi masikioni. Saa zilisogea mbele kwa saa moja, kwa sababu Uganda jua lao linatangulia letu. Kulipopambazuka tulikuwa tumekwisha kupita Masaka, na karibu na Kayabwe tukaona alama ya Ikweta kando ya barabara. Mwenzetu anayefundisha jiografia darasa la sita aliiangalia dirishani mpaka ikapotea.

Kutoka Kampala hadi Jinja ni kilomita 80 hivi. Kabla ya msitu wa Mabira, basi dogo linasimama Namawojjolo, na hapo vijana wanakimbilia madirisha wakiwa na kuku wa kuchomwa kwenye vijiti na ndizi za kuchoma. Tulinunua. Mama mmoja aliyekaa nasi alituuliza tunarudi kwetu lini, tukamjibu kwa Kiswahili chetu: siku ya posho. Akacheka sana. Kwao posho ni bugali wa mahindi, basi alifikiri kwetu Kongo kuna siku moja tu katika juma ya kula bugali! Tulimweleza kwamba ni siku inayotangulia siku ya Mungu, naye akatuambia tukifika Jinja tutakula posho kila siku. Alisema kweli.

MJI WA MTO

Jinja ni mahali Nile inapotoka katika ziwa Victoria. Mwingereza John Speke alifika hapo tarehe 28 mwezi wa 7 mwaka 1862, akaandika kwamba amepata chanzo cha Nile. Watu wa Busoga waliokuwa wakivua samaki hapo tangu zamani bila shaka walimwona akishangaa. Maporomoko aliyoyaona Speke hayaonekani tena. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na maji yakayafunika.

Tulidhani habari hiyo imeishia hapo, kumbe inaendelea. Watu walianza kushuka mto huu kwa mitumbwi mikubwa ya upepo, wakilipisha wageni, katika miaka ya 1990. Halafu bwawa la Bujagali likamalizika mwaka 2012, na maporomoko ya Bujagali yakazama. Mwaka 2019 bwawa la Isimba likafunguliwa chini zaidi, na sehemu nyingine ya maji ya mbio ikageuka ziwa tulivu. Vijana wanaoishi kwa kazi hiyo wanahama kila mara kufuata maji yaliyobaki, kama mvuvi anayefuata samaki. Maporomoko ya Itanda bado yapo, na tulipelekwa kuyaangalia tukiwa juu ya mwamba. Maji yanarudi nyuma, yanajikunja, yanatoa mshindo unaousikia kifuani kabla ya masikioni. Hata wenye ujuzi wengi wanatoka majini hapo na kubeba mitumbwi kwa miguu kupita pembeni. Jambo hilo lilitufundisha mapema: anayeyajua maji haoni haya kutembea.

Tuliwaza mto wetu. Ruzizi inatoka Kivu pale pale Bukavu na kuteremka karibu mita 700 mpaka inafika Tanganyika. Nayo ina mabwawa ya umeme, la kwanza karibu kabisa na mji. Mtu akituuliza kama mtumbwi huu ni wa kuingia Ruzizi, jibu letu ni hapana, na hatutalibadilisha. Maji yanayokwenda kwenye bwawa si mahali pa mtoto, wala pa mwalimu wake.

MAMBO YA KUANGALIA

Tulikaa siku tatu na kijana mmoja wa Kisoga anayefundisha watu kuendesha kayaki. Alituita "madamu" mpaka siku ya mwisho, hata alipokuwa anatukaripia. Alitupa mitumbwi mitatu tuijaribu, na kila mmoja tuliuandikia daftari kama tunavyofanya na wanafunzi.

Wa kwanza ulikuwa mpya, wa plastiki nyembamba, dola 110. Unajazwa kwa dakika chache na mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kuubeba. Katika maji yaliyotulia unapendeza. Lakini sakafu yake imefungwa pande zote. Wimbi likiingia linabaki ndani. Fanyeni hesabu pamoja nasi: lita moja ya maji ni kilo moja. Mawimbi mawili matatu yakimwaga lita 100, umebeba kilo 100 zinazoyumba kushoto na kulia, na kafi halisaidii tena. Tena ngozi yake nyembamba ikiguswa na jiwe lenye makali inapasuka, na fukwe zetu zina mawe mengi kuliko mchanga.

Wa pili ulikuwa mrefu, mita 4, wa watu wawili, dola 480. Sakafu yake ni ya namna ya kisasa: ndani kuna nyuzi maelfu zinazoshika juu na chini, kwa hiyo unaweza kuipiga pompi kwa nguvu mpaka ikawa ngumu kama ubao. Mtumbwi huu unakwenda mbio na unanyooka vizuri. Lakini katika maji yanayopinda haugeuki upesi. Urefu unasaidia kwenda mbali. Ufupi unasaidia kugeuka. Huwezi kuvipata vyote viwili katika mtumbwi mmoja, na mwenye duka akikwambia unaweza, mwache aendelee kusema huku unaondoka.

Wa tatu ulikuwa mdogo, karibu mita 3 kwa urefu na sentimita 95 kwa upana, wa mtu mmoja, umetumika, una viraka viwili. Bei dola 320 pamoja na kafi na pompi. Ngozi yake ni PVC nene. Pande mbili na sakafu vimejazwa upepo mbalimbali, kila kimoja na valvu yake, kwa hiyo kimoja kikitoboka, viwili vinabaki kukuelea. Sakafu imeinuka juu kidogo na kandokando ina matundu. Wimbi likiingia, maji yanatoka yenyewe kwa matundu hayo. Mbele na nyuma umeinuka kama ndizi, ili upande juu ya wimbi badala ya kulichoma. Ndani kuna mikanda ya kupitisha mapaja, ili mwili na mtumbwi viwe kitu kimoja unapoinama.

Mtumbwi huu una kasoro zake. Matundu yanayotoa maji yanayaingiza pia, basi unakaa umelowa tangu mwanzo. Katika maji matulivu unakwenda polepole, na kichwa chake kinapepesuka kulia na kushoto kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Tena kwa sababu ni mwepesi, kilo 14 tu, upepo unausukuma. Kivu kiangazi, upepo wa kusini ukianza mchana, mtu mzima mwenye nguvu anaweza kupiga kafi na kubaki pale pale. Masomo yatakuwa ya asubuhi, na mtumbwi uwe nje ya maji kabla ya upepo kuamka.

Mwalimu wetu alituonyesha pia namna ya kuangalia kitu kilichotumika. Ukijaze, ukiache usiku mzima kivulini, asubuhi ukiguse tena. Paka maji ya sabuni kwenye viraka, kwenye valvu na kwenye mistari ya kuungana. Povu likitoka, upepo unatoka. Nusa ndani ya mfuko: harufu ya uvundo inasema ulikunjwa ukiwa umelowa. Kunja kona moja, uangalie kama ngozi inapasuka vimistari, maana jua linazeesha PVC. Tuliyafanya yote manne. Mtumbwi wa tatu ulilala na kuamka ukiwa vile vile.

Akatueleza na jambo ambalo wengi hawalijui. Upepo ulio ndani unapanuka kwa joto. Mtumbwi uliojazwa sana ukiachwa juani ufukweni unaweza kupasuka mshono. Ukitoka majini, legeza valvu kidogo. Ukiuingiza tena katika maji ya baridi, ongeza pompi, kwa sababu utalegea. Walimu wa sayansi, hapo mna somo zima bila kitabu.

NDANI YA MAJI

Kusoma habari za mtumbwi na kuukalia ni mambo mawili. Tulivalishwa jile na kofia ngumu, tukapelekwa mahali maji yanapokimbia juu ya mawe kisha yanatulia katika dimbwi pana. Kila mmoja wetu alipinduka. Hilo lilikuwa somo la kwanza, si ajali: kabla ya kufundishwa kupiga kafi, tulipindushwa makusudi ili tujue kutoka, kuushika mtumbwi, kuugeuza na kuupanda tena kwa tumbo. Kwa mtumbwi wa upepo jambo hilo linawezekana hata kwa mama mwenye mwili, kwa sababu hauzami na hauna mdomo wa kukubana miguu.

Somo la pili: ukianguka katika maji ya mbio usisimame, hata yakiwa ya kufika magotini. Mguu ukinaswa kati ya mawe, maji yanakulaza chini na hayakuachi. Lala chali, miguu mbele, vidole nje ya maji, subiri mahali palipotulia.

Somo la tatu ni la mawimbi, na hilo ndilo la Kivu na la Tanganyika. Lielekeze pua ya mtumbwi kwenye wimbi. Likikukuta ubavuni, inama upande linakotoka, usikimbilie upande wa pili. Ukianguka karibu na ufukwe, usikae kamwe kati ya mtumbwi na nchi kavu, kwa sababu wimbi linaubeba na kukupiga nao. Kaa upande wa ziwa, au uuachie. Na ndani ya mtumbwi pasiwe na kamba inayoning'inia. Kamba inayoning'inia majini ni mtego.

Siku ya tatu tulishuka maji ya mbio madogo, tukifuatana, mwalimu mbele. Dada yetu mkubwa kati ya sisi watatu, ambaye njiani alikuwa akisema kwamba yeye amekuja kuandika tu, alishuka mara nne. Tulipomwuliza kwa nini, alisema kwamba tangu utoto aliambiwa maji yanaua, lakini hakuna aliyewahi kumwambia maji yanafanyaje kazi.

JAMBO MOJA ZITO

Kule Jinja tulisikia wanalitaja kwa heshima jina la Hendri Coetzee, Mwafrika Kusini. Mwaka 2004 aliongoza safari ya kushuka Nile kutoka ziwani mpaka baharini. Alikuwa kati ya watu walioyajua maji ya Afrika kuliko wengi. Mwezi wa 12 mwaka 2010 alikuja kwetu Kongo pamoja na Wamarekani wawili, wakashuka Lukuga, mto unaotoka Tanganyika pale Kalemie. Mamba alimchukua kutoka kwenye kayaki yake. Wenzake walikuwa karibu, lakini hawakuweza kufanya kitu.

Tunaandika haya kwa sababu gazeti letu linasomwa pia na ndugu zetu wa Uvira, Baraka na Kalemie, na kuna wakati tutaulizwa kama na wao wanaweza kuanza kazi kama hii. Kivu haina mamba, na hilo ni bahati kubwa kwetu. Ruzizi ya chini na Tanganyika wanao. Hakuna jile wala kofia inayojibu swali hilo. Kila mahali, kwanza waulizeni wavuvi wenye umri, halafu ndipo muulize bei ya mtumbwi.

MAONI YETU

Sisi watatu hatukukubaliana mara moja, na tunaona ni haki mjue. Mmoja wetu alifanya hesabu ndani ya basi: jile nzuri ya mtoto ni dola 15, kwa hiyo dola 600 zinanunua jile 40, moja kwa kila mtoto wa kikundi. Kwa nini tununue mtumbwi wa mtu mmoja, wakati watoto arobaini wanapanda masua bila kitu kifuani? Swali lake ni zuri na halikutuachia usingizi mpaka Kigali.

Wawili tulijibu hivi. Jile inamwelesha mtoto, lakini mtoto asiyewahi kuanguka majini anaogopa, anapiga kelele, anameza maji, anamshika mwenzake shingoni. Mtumbwi mdogo ni ubao wake wa kuandikia. Juu yake anajifunza kuanguka, kupumua, kurudi. Na jile tunaweza kuanza na chache zikazunguka.

Basi tunaleta pendekezo hili. Mtumbwi wa tatu, pamoja na kafi na pompi: dola 320. Jile kumi za watoto: dola 150. Kofia ngumu mbili: dola 40. Kole, ngozi ya viraka na kamba ya kumrushia mtu aliyeanguka: dola 35. Usafirishaji na duane: dola 55. Jumla dola 600, hakuna kinachobaki. Watoto wanaingia kumi kumi, asubuhi, mahali ambapo ufukwe unateremka taratibu, mtu mzima mmoja amesimama majini hadi kiunoni na mwingine ufukweni ameshika kamba. Siku zisizo za masomo, zile jile kumi zinakaa kwa mama mtunza sanduku, na familia yoyote inayovuka na watoto inaziazima bure, ikizirudisha kabla ya masomo yanayofuata. Sehemu hiyo ya mwisho ni wazo la yule aliyepinga, na ndilo lililotupatanisha.

Pesa bado zote ziko sandukuni. Hatukulipa hata franka moja ya kutangulia. Mwenye mtumbwi amekubali kuutunza mpaka mwisho wa mwezi, na baada ya hapo atamuuzia mwingine.

Kura itapigwa siku ya posho saa nane, mahali petu pa kawaida. Mje na maswali, na kama kuna mama anayeona jile arobaini ni bora kuliko mtumbwi, aje aseme wazi. Mwenzetu mmoja ameshamwandalia hesabu. Daftari letu la mitumbwi mitatu litakuwa mezani, kila mtu alisome kabla ya kuinua mkono.